Mwandishi wa Kislovenia Kutoka Ruashi

Siku Virginie Kabange alipompigia baba yake simu kutoka Ljubljana kumwambia kwamba ameacha masomo ya uhandisi, mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Jambo hilo peke yake lilimtia hofu Virginie, maana Papa Casimir hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake amalize sentensi.

"Alors, sasa unafanya nini kule?" mzee aliuliza mwishowe.

"Minaandika, Papa," alijibu kwa Kiswahili cha kwao Lubumbashi.

"Unaandika nini?"

"Bitabu. Mahistoire, hadisi ya bantu."

"Ku français?"

"Apana, Papa. Ku luga ya huku. Kislovenia."

Kwa mbali Virginie alisikia kuku wa jirani na redio ya mtu.

"Bantu ngapi banasemaka ile luga?"

"Miliyoni mbili hivi."

"Miliyoni mbili." Alilitamka kama mtu aliyepima samaki mkononi akamwona mdogo. "Kabange, siye ba Katanga peke yetu tunabapita mbali. Nilituma ingénieur kule. Sikutuma muntu ya mahistoire."

Akampa simu Madeleine, binti yake mwingine, akatoka nje. Ilikuwa mwaka 2006. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na minane, kila Virginie alipopiga, baba yake aliuliza afya, akajibu afya, akatoa simu kwa Madeleine. Hakumtukana wala kumlaani. Aliacha tu kumuuliza kitu kingine chochote.

Madeleine na Virginie walikuwa mapacha. Kwa Waluba wa kaskazini mwa Katanga, wanakotoka wazee wao, pacha wa kwanza kuzaliwa huitwa Kyungu na wa pili Kabange. Na baba yao, tangu asubuhi waliyozaliwa, mtaa mzima ukamwita Shamapasa, baba wa mapacha. Mama yao alifariki wakiwa na miaka kumi na miwili. Shamapasa aliwalea peke yake kwa kazi ya reli: miaka thelathini na mmoja ya kuunganisha na kuachanisha mabehewa, wago kwa lugha yao, kwenye gare, kituo cha reli cha Lubumbashi, mikono ikinuka grisi hata Jumapili kanisani. Hakujua hadithi za sungura wala za mazimwi. Jioni, wakila, alikuwa akiwasimulia treni: behewa lililoteleza peke yake mpaka Kipushi, dereva aliyesinzia, mwenzake aliyekatwa vidole kwa kuharakisha. Mabinti walisikiliza bukari, ugali wao, ikipoa sahanini.

Wote wawili walikuwa wakali wa hesabu. Masista wa shule yao walipopata nafasi ya masomo ya uhandisi huko Slovenia, ilikuwa ya mtu mmoja tu.

"Enda weye," Madeleine alimwambia. "Miye nikiacha Papa, atakula nini? Grisi?"

Walicheka, halafu wakalia. Wakati huo walikuwa na miaka ishirini na mmoja na hawajawahi kulala vitanda tofauti.

Ljubljana ilimpokea Virginie kwa baridi na kwa watu wapole wasiozungumza na mtu wasiyemjua. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa kujifunza lugha. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, Tončka Podlipec, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Wiki ya tatu aliandika mistari mitatu ubaoni.

"Katika lugha yetu," alisema, "mtu akiwa peke yake, kitenzi kina umbo lake. Watu wakiwa wengi, kina umbo lingine. Lakini watu wakiwa wawili hawahesabiwi kama wengi. Wawili wana umbo lao wenyewe." Akaligonga neno la katikati kwa chaki. "Midve. Sisi, wanawake wawili."

Darasa likaguna. Mwanafunzi mmoja akasema kwamba hiyo ni kazi mara mbili bure. Virginie aliinua mkono akaomba mwalimu arudie. Maisha yake yote alikuwa amesema "siye", kisha akalazimika kueleza: siye na Kyungu, si siye sote. Hapa palikuwa na lugha ambayo vitenzi vyake vilijua bila kuambiwa. Mchana huo, kwenye basi, alijisemea polepole yale maumbo ya wawili: tunakwenda, tunakula, tunasubiri. Akawa kama amekaa kiti kimoja na dada yake.

Aliingia uhandisi, akafaulu mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu alikuwa anaandika hadithi kwenye daftari la somo la metali zaidi kuliko anavyokokotoa. Mchana aliosha vyombo katika jiko la nyumba ya kutunzia wazee, na huko ndiko alikopata hadithi yake ya kwanza: wanawake wawili waliolala chumba kimoja miaka kumi na mmoja bila kusemezana, kwa sababu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe na mwingine lifungwe. Mmoja akafa. Aliyebaki akawaomba wahudumu wafungue dirisha, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akitaka lifungwe. Katika sentensi ya mwisho ya hadithi, mwanamke huyo anasema peke yake chumbani, lakini kitenzi chake bado ni cha wawili.

Mwalimu Tončka aliisoma amesimama. Akaketi, akaisoma tena.

"Umeandika kosa hapa mwishoni," alisema.

"Si kosa," Virginie alijibu.

"Najua si kosa. Nilitaka kukusikia ukisema." Akavua miwani. "Ipeleke kwenye jarida. Usimwonyeshe mtu mwingine akusahihishie."

Jarida likaichapa. Hapo ndipo Virginie alipoacha uhandisi, na hapo ndipo alipopiga ile simu.

Miaka iliyofuata haikuwa ya kuimbiwa. Alihama kutoka jikoni kwenda vyumbani, akawa anawaogesha wazee na kuwabadilishia mashuka, huku mkusanyiko wake wa hadithi ukizunguka kwa wachapishaji. Wanne waliukataa. Wa tatu kati yao alimwalika kunywa kahawa, akamsifu sana, kisha akauliza: "Lakini Afrika iko wapi humu? Huwezi kutuwekea vita kidogo? Au migodi? Wasomaji watategemea hivyo kutoka kwako."

"Mimi nimeandika juu ya ghorofa ninayokaa," Virginie alimwambia. "Kuna bibi wa ghorofa ya tatu anayeficha mitungi ya matango ili wanawe wasijue anazeeka. Hiyo ndiyo niliyoiona."

"Ndiyo, lakini..."

Aliinywa ile kahawa mpaka chini, akashukuru, akaondoka na karatasi zake.

Mchapishaji wa tano, nyumba ndogo ya watu watatu, aliukubali bila kubadili kitu. Kitabu kilitoka mwaka 2010 kwa jina la Mitungi ya Ghorofa ya Tatu. Kikapendwa na wachache, lakini hao wachache walikisoma mara mbilimbili. Kisha mhakiki mmoja wa gazeti akaandika kwamba lugha ya kitabu ni safi mno. Kwamba haiwezekani mgeni aandike hivyo baada ya miaka saba. Kwamba bila shaka kuna mkono wa mtu mwingine na msomaji ana haki ya kuujua.

Virginie aliisoma makala hiyo kwenye chumba cha wahudumu, bado amevaa glavu. Hakujibu gazetini. Aliomba maktaba ya mji impe ukumbi, akabandika tangazo: atasoma, kisha yeyote atamuuliza chochote, kwa muda wowote atakaotaka.

Ukumbi ukajaa, na mhakiki akaja. Kwa saa mbili watu walimuuliza na yeye akajibu, wakati mwingine kwa utani, wakati mwingine akitafuta neno na kulipata. Mwishowe mhakiki mwenyewe akasimama, akauliza juu ya wale wanawake wawili wa dirisha: kwa nini waliishi vile, kwa nini hawakupatana? Na katika kuuliza, kama wanavyofanya wengi wenye haraka, akatumia kitenzi cha watu wengi.

Virginie alimtazama kwa upole. "Samahani, bwana," alisema. "Walikuwa wawili tu."

Ilichukua muda mfupi ukumbi uelewe. Kisha kicheko kikaanzia nyuma, kikaja mbele kama maji, na mhakiki mwenyewe, masikio yamemwiva, akainamisha kichwa akacheka pia. Kesho yake aliandika gazetini mistari sita ya kuomba radhi. Mwalimu Tončka aliikata ile habari akaitia kwenye fremu.

Riwaya ya kwanza ilikuja mwaka 2016, ikatafsiriwa kwa Kijerumani na Kiitalia. Kisha Virginie akakaa miaka mingi bila kutoa kitu, mpaka watu wakaanza kusema amekauka. Hakuwa amekauka. Alikuwa anaenda kila wiki kwenye kituo cha reli ambako njia tatu zinakutana, anakaa na wafanyakazi, anauliza. Walishangaa jinsi mama huyu alivyojua maswali: mpira wa breki unaungwa kabla au baada ya mnyororo? Nani anatoa ishara, nani anaijibu? Mmoja aliwahi kumuuliza alijifunzia wapi.

"Mezani," alisema.

Riwaya hiyo, Kati ya Mabehewa Mawili, ilikuwa ya mfanyakazi wa reli wa Kislovenia, mjane, anayelea mabinti wawili pacha kando ya kituo. Ilitoka mwaka 2022. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya riwaya bora ya nchi nzima. Virginie, aliyeosha vyombo vya wazee wa nchi hiyo, alisimama jukwaani kwa gauni la kitenge alilotumiwa na dada yake, akashukuru kwa Kislovenia, na sentensi yake ya mwisho akaisema kwa umbo la wawili. Waliojua walijua.

Video ilifika Ruashi, mtaa wa kwao Lubumbashi, kabla hajavua viatu. Madeleine alimwekea baba yao simu mbele ya macho. Mzee akatazama, mikono magotini.

"Anasema nini?"

"Sijue, Papa. Ni luga yabo."

"Unaona," mzee akasema, "hata weye mapasa yake haumusikie." Akasimama, akaenda kumwagilia mboga zake.

Neno hilo lilimnyima Madeleine usingizi. Kesho yake alimtumia Virginie ujumbe wa sauti. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa na namna ya kusema iliyomfanya mtu akae wima hata akiwa bara lingine. "Kabange, unisikilize. Umeandika juu ya Papa, bazungu bote banasoma, na Papa hawezi kusoma hata ukurasa moja. Ile si bien. Tutageuza ile kitabu. Weye na miye. Ku Swahili yetu."

"Yote?"

"Anza na sura moja, tuone."

Wakaanza. Virginie alikuwa anageuza aya moja, anaituma kwa sauti. Madeleine anaisikiliza akisahihisha madaftari ya watoto, kisha anarudisha vipande. "Apana. Ile ni Swahili ya Biblia. Muntu ya Ruashi hasemake vile." Au: "Hapa umesema muzuri kabisa, usiguse." Waligombana zaidi juu ya lile umbo la wawili. Virginie alitaka "siye babili" kila mahali lilipokuwa kwenye kitabu. Madeleine alikataa.

"Utachosha bantu. Siye babili, siye babili, kama kasuku! Sema siye tu. Halafu pale kwenye inaumiza, pale njo useme siye babili."

Virginie alikaa na ushauri huo siku nzima. Alikuwa amefanya kazi na wahariri wa nchi tatu na hakuna aliyewahi kumpa ushauri mzuri kama huo. Sura nzima, wakalitumia neno hilo mara tatu tu.

Mwaka 2024 kituo kimoja cha utamaduni cha Lubumbashi kilimwalika kama mwandishi mzaliwa wa mji huo. Madeleine alimpokea uwanja wa ndege kwa kilio na kelele hata askari wa mlangoni akatabasamu. Nyumbani Ruashi, kwenye nyumba ya matofali ambayo Madeleine na mumewe Anaclet walikuwa bado wanaimalizia, Papa Casimir alikuwa amekaa barazani. Alikuwa amepungua. Virginie alipiga magoti, akamshika mikono yote miwili.

"Ulifika," mzee alisema.

"Nilifika, Papa."

"Barabara iko mubaya."

"Iko mubaya kabisa, Papa."

Wakala bukari na bitoyo, samaki wa chumvi, na mchicha wa lengalenga, na mzee akamwongezea kipande cha samaki.

Usomaji wa mjini ulifanyika kwa Kifaransa siku ya Alhamisi, mbele ya maprofesa na waandishi wa habari. Ulikwenda vizuri, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Papa Casimir hakwenda; alisema magoti yanamuuma. Lakini Madeleine alikuwa amekwisha kuzungumza na paroko wa Ruashi, na Jumapili, baada ya misa ya pili, ilitangazwa kwamba Kabange wa Shamapasa atasoma kitabu chake katika ukumbi wa parokia, kwa Kiswahili.

"Nitakuya," mzee alisema akifunga vifungo vya shati jeupe, "lakini nitakaa karibu ya mulango."

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki mia tatu na watu wengi kuliko viti. Dakika tano kabla ya kuanza, umeme ukakatika na kipaza sauti kikafa.

"Soma tu na sauti yako!" mama mmoja alipiga kelele. "Siye si baviziwi!"

Kabla hajaanza, Anaclet, shemeji yake, ambaye hakuwahi kuficha kwamba haelewi kazi hii, akasimama. "Belle-sœur, niulize kwanza. Ule wa radio ya jana alisema uko écrivaine slovène, mwandikaji ya kule. Sasa weye uko muntu ya kwetu ao uko Muslovène?"

Watu wakanong'ona, ndilo swali walilokuwa nalo wote. Virginie aliweka karatasi chini.

"Nilizaliwa hapa, nilisoma hapa, mama yangu alizikwa hapa," alisema. "Na bitabu byangu biko bya kule. Minaandika ile luga muzuri, Anaclet. Sitasema uongo kusudi nionekane munyenyekevu. Minaiandika muzuri kupita benye kuzaliwa nayo bengi, na beye benyewe balikubali. Ile njo kazi yangu. Leo muonje."

Mtu akapiga mluzi. Anaclet akaketi, akiitikia kwa kichwa kama aliyeridhika.

Akasoma. Sura ilikuwa ile ya mfanyakazi wa reli, mvua inanyesha, mabinti zake wawili wanamtazama dirishani akiingia kati ya mabehewa kuunga mpira wa breki. Mwanzoni watu walikohoa na kuvuta viti. Kisha wakaacha. Pale mfanyakazi anapomtukana dereva aliyechelewa kujibu ishara, ukumbi mzima ulicheka, maana tusi lilikuwa la hapa, limechaguliwa na Madeleine mwenyewe, mwalimu wa shule. Virginie alihisi kicheko kile kikimpanda miguuni. Alikuwa amewachekesha watu Ljubljana, Trieste na Berlin. Hakuwahi kuwachekesha watu waliomjua akiwa na kamasi.

Akafika: "Akainua taa na mukono ya kuume, akangoja dereva amujibu, halafu akainama—"

"Apana!"

Sauti ilitoka karibu na mlango. Papa Casimir alikuwa amesimama. Ukumbi wote ukageuka.

"Apana, Kabange. Si ya kuume. Taa ni mukono ya kushoto! Ya kuume inabakia bure, juu ya kujishika kama wago inatembea. Ukishika taa na kuume, unakufa."

Virginie aliitazama karatasi. Kitabu kilikuwa kimesomwa na wahariri, wahakiki, wafanyakazi wa reli wenyewe, na hakuna aliyeona kosa hilo.

"Kushoto, Papa?"

"Kushoto! Nilikuambia mara ngapi mezani?" Na mzee, magoti au si magoti, akaanza kutembea kuelekea mbele, watu wakivuta viti kumpisha. Alifika, akachukua chupa ya maji ya paroko ikawa taa, akainua mkono wa kushoto, akasubiri, akasikiliza, akainama taratibu kati ya viti viwili vya plastiki, mkono wa kuume wazi, vidole vimetanuka. Kila mtu ukumbini aliona mabehewa. Aliponyooka, watu wakashangilia kama uwanja wa mpira, na akina mama wakapiga mpundu na vigelegele mpaka paa la mabati likaitikia.

Yeye hakuwa anawatazama. Alikuwa anamtazama binti yake.

"Ile muntu ya kitabu," alisema, chini kidogo, ingawa mstari wa mbele ulisikia, "ile ya kule. Nani alimufundisha kungoja jibu mbele ya kuinama?"

"Ni weye, Papa."

"Na bale mabinti ku dirisha?"

Virginie akamtafuta Madeleine kwa macho. Alikuwa amesimama ukutani, kitambaa mdomoni.

"Siye babili," Virginie alisema.

Mzee akakaa kwenye kiti cha mbele kabisa, ambacho mtu alimwachia haraka. Akatoa leso, akaipangusa shingo yake, kisha uso, kisha shingo tena. "Endelea," alisema. "Lakini kushoto."

Aliendelea. Alisoma sura hiyo mpaka mwisho, na sauti haikumkatika hata mahali alipoogopa itakatika. Alipomaliza hawakumruhusu ashuke. Mama mmoja aliyekuwa amechelewa alidai mwanzo, na wengine wakamuunga mkono, kwa hiyo akasoma kurasa nne za mwanzo tena. Paroko alisema hajawahi kuona ukumbi ukiomba somo mara ya pili.

Jioni, barazani, Papa Casimir alimwita akae karibu naye. Madeleine alikuwa ndani anachambua mboga, mlango wazi.

"Miaka kumi na minane," mzee alisema. "Bantu banaulizaka, Shamapasa, mutoto yako wa Ulaya anafanya nini? Nilikuwa najibu: yuko. Ile tu. Yuko." Akajisugua goti. "Ilikuwa hasira. Halafu hasira ikaisha, ikabakia haya, sikujua namna ya kukuuliza. Sasa miye nakuuliza. Kazi iko aje?"

Virginie alimwambia. Alimwambia yote, tangu ubao wa Mwalimu Tončka: wachapishaji wanne, vita vilivyotakiwa kuongezwa, mhakiki na lile kosa lake. Mzee alimkatiza kila sentensi. Alipofika kwa mhakiki alicheka hata akakohoa, akamwita Madeleine atoke aje asikie, na Virginie akaisimulia upya.

"Na ile luga, utaiandika tena?"

"Nitaiandika, Papa. Ile njo yangu."

"Muzuri," mzee alisema. "Lakini mambo ya treni, unitumie kwanza."

Habari za Jumapili zilitembea. Jumatatu saa mbili asubuhi, Virginie alipotoka kuosha uso, alikuta wazee saba wa reli wamepanga viti barazani, wengine wamevaa koti, mmoja amekuja na fimbo na mkwewe. Walikuwa wamesikia kwamba binti wa Shamapasa anaandika mambo ya reli na kwamba ameyaandika kwa makosa. Kila mmoja alikuwa na lake, na Papa Casimir alikuwa katikati yao akipanga nani aanze, akiwakemea waliotaka kuruka zamu. Virginie alipiga simu kwa shirika la ndege, akasogeza safari kwa wiki mbili.

Wa kwanza alikuwa Papa Liévin, aliyeendesha treni za Kamina kwa miaka ishirini na sita. Alijikohoza, akangoja mpaka Madeleine aje na kiti chake akae kando ya pacha wake, akamnyooshea Virginie kidole.

"Sasa weye andika," alisema. "Ilikuwa mwaka ya sabini na tano, mvua ilianza ku Likasi, na wago ya nyuma kabisa haikuwa yetu."